Jino la Chuseok

Mi-ran hakuwa anaumwa jino. Hilo tulimalize mapema, msije mkamwonea huruma pasipostahili. Gego lake la mwisho, lile la chini kushoto, lilikuwa limelala ndani ya fizi kwa miaka ishirini bila kumbughudhi mtu, na lingelala hapo hapo mpaka azikwe nalo. Kilichokuwa kinamuuma Mi-ran ni Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea.

Ndoa miaka kumi na mmoja, Chuseok kumi na moja. Kila mwaka mwezi mpevu wa vuli ukikaribia, mumewe Gi-tae huosha gari, nao hutoka Daegu na binti yao Sol kwenda Andong kwa wakwe, maana Gi-tae ndiye mtoto wa kwanza wa kiume na meza ya kuwatambikia mababu iko kwao. Huko Mi-ran hutandikiwa magazeti kwenye sakafu ya jikoni, huwekewa kikaango cha umeme mbele yake, na hukaa hapo tangu asubuhi mpaka jua lizame akikaanga jeon: vipande vya samaki, vya maboga mabichi, vya uyoga, kila kimoja kwanza kwenye unga, kisha kwenye yai, kisha kwenye mafuta. Mababu wa ukoo wa Noh, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona, walikuwa walaji hodari. Kesho yake wanaume huvaa suti, huinama mbele ya meza mara mbili, hunywa, halafu hulala. Wakirudi, Gi-tae hupiga miayo kwenye usukani na kusema, "Aisee, mwaka huu nimechoka."

Mwaka huu Mi-ran alitaka siku tatu. Hakutaka kisiwa cha Jeju wala Japani. Alitaka godoro lake mwenyewe, nyumba yake mwenyewe, mlango umefungwa, na asiwepo mtu wa kumuuliza soya iko wapi. Alizitaka siku hizo mpaka akawa anaziota kazini, pale kampuni ya bima, huku mteja akimweleza habari za gari lililogongwa. Lakini zitapatikana wapi? Kisingizio cha zamu kilikuwa kimeshachukuliwa na Bo-yeong, mke wa shemeji yake. Yeye ni muuguzi, na kwa miaka sita mfululizo wagonjwa wake huzidiwa Chuseok ileile. Mwenzake mmoja wa ofisini alinunua plasta ya bandia ya mkono, akaifunga vizuri kabisa, akafika ukweni akiugulia. Mama mkwe wake akamtazama, akasema, "Afadhali ni wa kushoto," akamkabidhi mwiko.

Basi ndipo Mi-ran alipolikumbuka gego lake. Jino la mapenzi, ndivyo tunavyoliita, kwa sababu huota umri ule ambao mtu hana akili nyingine kichwani. Kulitoa si uongo. Kuna damu, kuna uvimbe, kuna barua ya daktari yenye mhuri. Nani atabishana na mhuri?

Jumatano, siku mbili kabla ya sikukuu, aliomba ruhusa ya saa tatu kazini akaenda kwa daktari Tak. Chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa. Alihesabu watu kumi na mmoja, na tisa kati yao walikuwa wanawake wa rika lake, pete vidoleni, mashavu yamenyooka, hakuna hata mmoja aliyeshika taya. Wote walikuwa wanatazama sakafu. Mi-ran alijibanza pembeni ya mama mmoja mwenye koti la kijani.

"Na wewe mwenzangu," akanong'ona yule mama bila kuinua macho, "wakwe wako wapi?"

"Andong."

"Andong! Uwiii, pole. Hao si ndio wanaopanga hadi matunda kwa safu? Mimi wangu wako Yeongju. Mwaka jana nilisema mgongo."

"Ikawaje?"

"Wakaniletea kiti."

Wakacheka kimyakimya huku wamefunika midomo, na mama mwingine mbele yao akageuka na kusema kwamba yeye anatoa mawili kwa mpigo, hataki mchezo.

Daktari Tak alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mtaratibu, mwenye uso wa mtu aliyechoka kushangaa. Akaitazama picha ya taya kwenye kompyuta, akamtazama Mi-ran.

"Mama, jino hili halina shida yoyote."

"Linaniuma, daktari."

"Tangu lini?"

"Huja na kuondoka."

"Huja miezi gani?"

Daktari akashusha pumzi, akavaa glavu.

"Sikiliza. Limelala ubavu, na mzizi umejikunja. Nikilitoa, utaumia kweli. Si kuumia kwa kuigiza. Umeelewa?"

"Naelewa. Na barua utaniandikia?"

"Barua naandika kwa kila mtu," daktari akasema. "Wiki hii nimemaliza kitabu kizima."

Jamani, Mi-ran alidhani anaelewa. Sindano ya ganzi ilikuwa kitu kidogo. Daktari alikata fizi, akalipasua jino vipande viwili, akavuta, akapumzika, akavuta tena huku muuguzi amemshika Mi-ran kichwa kama mtu anayeshikilia boga sokoni. Hakuhisi maumivu, ila alisikia mlio ndani ya fuvu lake, na mlio ule ulimtoa machozi. Zikaja nyuzi tatu, ikaja shashi iliyokunjwa, akaambiwa aing'ate kwa saa mbili asiongee. Halafu yakafuata masharti, daktari akiyasema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Barafu shavuni siku mbili, dakika kumi weka, dakika kumi toa. Asiteme mate, ameze. Asinywe kwa mrija, asivute sigara, asiguse pombe. Uji wa mchele, uliopoa. Dawa ya maumivu ameze kabla ganzi haijaisha, asijifanye shujaa. Pale jino lilipotoka pataganda damu, na hiyo damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha mfupa. Ikibanduka, mfupa utabaki wazi, na hapo atamjua Mungu wa mama yake.

Kwenye barua akaandika: asiiname, asibebe kizito, asikae karibu na moto wala mvuke kwa siku tatu. Akagonga mhuri. Mi-ran alitoka pale na ile barua kifuani kama mtu aliyeshinda kesi.

Ganzi ilianza kuondoka akiwa kwenye lifti ya nyumbani. Kwanza mdomo ukamwasha, kisha taya likaanza kudunda, kisha maumivu yakapanda sikioni, yakashuka shingoni, yakakaa hapo kama mgeni aliyekuja na mizigo. Alikuwa amemeza kidonge kimoja akiona viwili ni vingi. Sasa akameza cha pili, akajibwaga kwenye godoro, barafu shavuni, akilia kwa uchungu wa kweli na furaha ya kweli. Inauma, mama yangu, inauma! Lakini kesho kutwa niko hapa hapa.

Gi-tae aliporudi na kuliona lile shavu, alishtuka. Si mtu mbaya, Gi-tae. Alipika uji wa mchele, akauunguza kidogo, akaupooza kwa feni. Halafu akaisoma barua, akaguna kwa huruma, akampigia mama yake simu huku Mi-ran ameacha hata kupumua.

"Mama, Mama Sol ameng'olewa jino... Ndiyo, lile la mwisho... Amevimba sana, hawezi kukaa karibu na moto, daktari ameandika... Ee... Ee... Sawa, Mama."

Akakata simu akitabasamu.

"Mama amesema usijali kabisa."

Mi-ran akafumba macho. Kumi na moja, na hii ya kumi na mbili imepita salama.

"Amesema uende ukapumzike huko kwake. Hewa ya Andong ni nzuri kwa vidonda."

Mi-ran akaikwapua ile barua, akaisoma kwa mara ya kwanza kama mtu anayetafuta kosa. Asiiname. Asibebe. Asikae karibu na moto. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu safari. Daktari Tak, na uzee wote ule, na kitabu kizima cha barua, hakukumbuka kuandika asipande gari! Akataka kupiga kelele, lakini taya halikumruhusu.

Kesho yake, saa nne asubuhi, walifika Andong baada ya foleni ya kufa mtu. Mama mkwe aliwapokea mlangoni, mwanamke mfupi wa miaka sabini na moja, aproni kiunoni, magoti yake yakilia kila akishuka ngazi. Akaomba barua. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akaibandika kwenye friji kwa sumaku.

"Asikae karibu na mvuke," akarudia polepole. "Haya. Kuna chumba cha ndani, nimekutandikia."

Mi-ran alisubiri kejeli. Haikuja. Baba mkwe, aliyekuwa sebuleni mbele ya televisheni na Sol na binamu zake, ndiye aliyeileta.

"Jino tu? Mimi jeshini niling'olewa mawili kwa koleo, jioni nikalinda lango."

"Ulilia mpaka ukamwandikia mama yako barua, Baba Gi-tae," mama mkwe akamjibu akiwa anapita. "Barua ninayo."

Chumba cha ndani kilikuwa na godoro lililotandikwa, mto wa juu, bakuli la uji uliopoa wenye karanga za msonobari, na mfuko wa barafu uliofungwa kitambaa. Mi-ran akalala. Alikuwa amepata karibu kila kitu alichokitaka: mlango, godoro, kimya. Dakika kumi barafu, dakika kumi bila barafu. Uvimbe ulikuwa umefika kileleni, na mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kijiko cha chai tu. Kidonge kilimpa saa nne za unafuu, halafu maumivu yakarudi kwa wakati, hayakuchelewa hata dakika.

Kilichomnyima usingizi ni mlio wa mafuta.

Tsss. Kimya kidogo. Tsss. Mlango wa kuteleza haukuwa umefungwa mpaka mwisho, na kwenye ule upenyo aliuona mgongo wa mama mkwe, amekaa juu ya magazeti. Beseni la samaki kulia kwake, bakuli la mayai kushoto. Anachovya, anaweka, anageuza, anafuta jasho kwa kiwiko. Kila baada ya muda anajikokota na kunyoosha mguu mmoja, kisha mwingine. Sebuleni watu wanacheka na televisheni.

Hivi Mi-ran alidhani nani atakaanga? Hebu tumuulize. Siku zote hizo alizopanga, Alhamisi mpaka Jumamosi, alijiona yeye kwenye godoro na mama mkwe amekasirika. Basi. Hakumwona mama mkwe akikaanga. Alikuwa na vita kichwani mwake, na kwenye vita adui hachoki. Sasa adui alikuwa anasugua goti lake kwa mkono wenye unga, na Mi-ran aliona aibu, aibu ya moto kuliko shavu.

Gi-tae akachungulia. "Unaendeleaje? Umekula? Pumzika, pumzika, usijali chochote." Akarudi sebuleni. Alimaanisha kabisa.

Saa nane mchana barafu ikayeyuka. Nyingine ilikuwa jikoni. Mi-ran akainuka akishikilia ukuta, kwa sababu kila akisimama damu ilimgonga taya, akaingia jikoni. Mama mkwe hakugeuka.

"Barafu iko droo ya chini. Ngoja, usiiname, nakutolea."

"Nitachukua mwenyewe, Mama."

"Mhuri umesema usiiname." Akainuka kwa awamu, goti, mkono, kiuno, akaitoa barafu, akampa. Halafu akasimama mbele yake. "Hebu fungua mdomo."

"Mama?"

"Fungua, mwanangu, nione."

Mi-ran akafungua kadiri alivyoweza. Mama mkwe akainama, akamulika kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa kama fundi anayeangalia kazi ya fundi mwingine.

"Chini kushoto. Loo. Sasa kwa nini umeanza na la chini?"

"Nimeanza?"

"La juu hutoka rahisi. Siku moja na nusu uvimbe umekwisha, lakini hakuna anayejua, unaendelea kushika shavu. La chini linatesa. Hukuuliza mtu?"

Mi-ran akabaki ameduwaa, mdomo wazi, barafu inamdondokea miguuni.

"Unadhani daktari wenu wa Daegu ndiye kavumbua?" Mama mkwe akaketi tena kwenye magazeti, akageuza samaki wawili waliokuwa wanataka kuungua. "Mimi la kwanza nilitoa Gi-tae bado ananyonya. Juu kulia, zima kabisa, jeupe. Mama mkwe wangu, marehemu, akanipa mto wa kukalia, akasema kaanga polepole. Mwaka uliofuata nikatoa la juu kushoto. Nikaachiwa maboga tu, samaki akakaanga yeye. La tatu halikunipa kitu, alikuwa ameshanishtukia."

"Na la nne?"

"La nne lilikuwa kama lako hili. Nilivimba mpaka jicho likafumba. Nikalazwa chumba hicho hicho ulicholala wewe, mchana mzima." Mwiko ukabaki hewani. "Mchana mzima, mwanangu. Nililala fofofo. Mpaka leo nikichoka naukumbuka usingizi ule."

Mi-ran akashuka, polepole bila kuinama, akakaa kwenye magazeti kando yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujua ni ya taya au ya nini.

"Na meno yalipokwisha, Mama, ulifanyaje?"

Mama mkwe akachovya kipande cha samaki kwenye yai.

"Nikakaa nikisubiri Gi-tae aoe."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayekutajia saa. Mi-ran akahisi jambo lile linamwingia mwilini, likashuka mpaka miguuni. Kisha akamsikia Sol sebuleni akicheka, mtoto wa miaka tisa ambaye magego yake ya mwisho hata hayajaota, na hofu ikamshika kuliko siku zote.

Hapo ndipo Gi-tae alipoingia, kafuata harufu. Akaokota jeon ya moto kwa vidole, akaitupia mdomoni, akawa anaipuliza na kuitafuna kwa pamoja.

"Mmm! Mama, mwaka huu umetisha! Mama Sol, na wewe umeamka? Vizuri. Babu anauliza kama kuna bia."

Mi-ran akamtazama akitafuna. Alitafuna vizuri sana, pande zote mbili.

"Baba Sol," akasema kwa ule mdomo wake mbovu, "wewe magego yako ya mwisho ulishatoa?"

"Mimi? Aa wapi! Yote manne yapo." Na kwa kuwa aliona wanawake wote wawili wamenyanyua nyuso kwa hamu asiyowahi kuiona, akainama kati yao, akafungua mdomo wazi, akaonyesha kwa kidole. "Aona? La huku, la huku, na haya ya chini. Hayajawahi kunisumbua hata siku moja. Daktari alisema nina bahati."

Mama yake na mkewe wakachungulia. Kweli yalikuwepo. Manne, makubwa, meupe, yamejipanga kwenye kona zake, na kipande cha jeon kimeganda kwenye moja. Wakayatazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. Halafu wakatazamana.

"Mhuri unasemaje pale kwenye friji?" mama mkwe akauliza.

"Mgonjwa asikae karibu na moto," Mi-ran akajibu.

"Na mzima je?"

"Mzima hawakumtaja, Mama."

Mama mkwe akamwekea Gi-tae mwiko mkononi, akamfunga vidole juu yake. Akamshika Mi-ran begani, wakainuana, magoti ya mmoja yakilia na taya la mwingine likidunda, wakaenda chumba cha ndani. Gi-tae alikuwa bado anacheka, akisubiri nao wacheke. Akasikia mlango wa kuteleza ukifungwa, safari hii mpaka mwisho.

"Mama?" akaita. "Mama Sol? Sasa nageuza lini?"

Hakujibiwa. Mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi, na samaki sita walikuwa kwenye kikaango.